Nilishona Namba

Syombua, toka nyuma ya pazia.
Pazia lenyewe ni shuka, halifiki chini,
na miguu yako nimeiona imesimama kimya
muda mrefu kuliko ya mtu anayejaribu suruali.

Ya kwanza, kumi na mbili, imekwama mapajani.
Ya pili, kumi na mbili vilevile, imekuning'inia
kama gunia lililomwagwa mahindi.
Ya tatu inasema arobaini na mbili,
hesabu ya nchi wanakoanzia mbali,
na hiyo ndiyo iliyofunga kifungo.
Umeivua upesi. Umesema si yako.

Na dada yako Wanza, mliyeazimana
sare ya shule, viatu, hata sidiria ya kwanza,
yuko hapa nje na namba nane mkononi,
anaipunga kama cheti cha mtihani.
Nimewapima nyote kwa utepe huu.
Kiuno, inchi thelathini na moja. Na thelathini na moja.
Nyonga, umemzidi kwa unene wa uzi,
na huo labda ni chapati za leo asubuhi.

Hapa Toi watu wanajua ninachouza,
hawajui nilikotoka.
Miaka sita nilikuwa Baba Dogo, kiwandani,
laini ya nne, kiti cha mwisho, karibu na choo.
Kazi yangu ilikuwa lebo.
Si mfuko, si zipu, si pindo.
Lebo, elfu moja kwa zamu.

Kwenye meza ya kukata, Okwaro alitandaza jinzi
tabaka themanini, moja juu ya nyingine,
akashusha kisu cha umeme.
Kisu kile kilikuwa na tabia ya kuinama
kama mlevi akikata kona.
Tabaka la juu lilitoka na nyonga zake zote.
La chini kabisa lilinyimwa, nusu inchi hapa, robo pale.
Yakafungwa pamoja, yakaja kwangu pamoja,
nami nikayapa yote namba moja.

Jumatatu, oda ya ng'ambo: kumi na mbili.
Alhamisi, karatasi nyingine. Kielelezo kilekile,
kipimo kilekile, ila mwenye duka huyu
anataka isomeke nane.
Wanawake wa kwao, msimamizi alisema, hupenda kununua nane.
Nikasukuma kikapu cha lebo nyeupe,
nikavuta cha lebo nyeusi. Sekunde tano.
Watu wakakonda kontena nzima
bila kukimbia hata hatua.

Na kielelezo chenyewe, nani alipimwa?
Mwanamke mmoja, mahali fulani, hajabeba mtoto mgongoni.
Wakamwongeza inchi, wakamwongeza inchi tena,
kila upande sawasawa,
kana kwamba sisi hunenepa kama puto,
kana kwamba ukizaa hata mabega hupanuka.

Jinzi zikaenda. Zikavaliwa, zikafuliwa kwa maji moto,
zikarudi Gikomba zimebanwa ndani ya belo,
nami nikalifungua alfajiri, mvuke ukinitoka mdomoni.

Leta hiyo ya kwanza, iliyokukwama.
Igeuze ndani nje. Tazama kona ya lebo.
Wenzangu walirudisha uzi mara mbili.
Mimi mara tatu, kwa sababu mama yangu
alinifundisha kushona kwa hofu ya kufumuka.
Hesabu. Moja, mbili.
Umeona.

Kwa hiyo usiililie hiyo namba mbele yangu.
Niliishona huku nikiwaza kodi,
nikiwaza kengele ya saa saba,
sikuwa nikikuwaza wewe hata kidogo.
Shika wembe. Kata uzi, usikate kitambaa.
Hiyo ya tatu ivae uende nayo.

Wanza anasema yake nisiiguse.
Haya. Mia tatu hamsini kila moja,
na nane yako, dada, ni bure.